Risasi za Polepole za Baba

Baba yangu mpendwa,

Leo ni Jumamosi, siku yako ya kupiga makopo, na mama ametoka tena kukaa nyuma ya nyumba akikungoja. Tangu kumbukumbu zianze kumtoka, hajui kwamba tulikuzika. Nimeacha malori na makaratasi ya forodha Tunduma, nimepanda huku nyumbani Ibaba kukaa naye, na sijui nimfanyie nini.

Unakumbuka ulivyokuwa mbishi dukani kule Mbeya? Muuza silaha alikusifia risasi za kasi, nawe, kibali mkononi, ukatikisa kichwa. "Nipe za polepole. Mimi napiga makopo, sipigi tembo." Njiani ukanieleza kwamba ya kasi hupasua hewa, ndiyo maana hulia; ya polepole husikika kama mtu avunjaye kijiti, ila huanguka mapema, kwa hiyo ulenge juu kidogo. Tulipofika ukayapanga makopo nyuma ya nyumba, mbele ya ukingo wa udongo, mimi nyuma yako, na mama jikoni akaendelea kuchambua maharage bila kushtuka.

Ulikuwa na sababu. Kwetu milimani bunduki ikilia kwa kishindo, watu wanajua mzee fulani amefariki. Mwaka ule za polepole zilipoadimika, ukachukua za kasi ukisema risasi ni risasi. Kopo la kwanza halijatulia chini, majirani wamejaa uani: kina mama na unga na kuni, wanaume na majembe ya kuchimbia kaburi.

"Pole, Mama Tuse. Mzee ametutoka saa ngapi?"

Na mzee mwenyewe umesimama pale na bunduki, unaona haya kuwa hai! Unga ulikuwa umeshafika, basi mama akasonga ugali, tukala matanga ya mtu mzima wa afya. Wageni walipoondoka akakuapisha: za polepole tu, mpaka kufa. Ukatii, Baba. Ulitii mno.

Ulipofariki, bunduki niliikabidhi polisi, maana kibali kilikuwa chako. Hata ningeachiwa, isingenisaidia kumtuliza mama. Nilimwambia mama ukweli, akalia kama siku ile ya kwanza, na kulipokucha akaniuliza kama umeshakunywa chai. Kumwambia tena siwezi, roho inakataa. Kumdanganya nako nashindwa. Mchungaji anasema tumwombee, nami naomba, lakini maji yamenifika shingoni.

Sasa hivi nimemsihi aingie ndani, upepo wa huku unauma. Akanishika mkono.

"Shii, mwanangu. Namsikiliza baba yako. Risasi zake zile hazina kelele, ukiongea hutazisikia."

Nimenyamaza, Baba. Tumekaa wawili, tunasikiliza.

Pumzika. Mama nimemfunika shali.

Binti yako wa kwanza,
Tusekile