Nge, Kamba na Mkono wa Baba Mkwe

Jumamosi, Juni 1951. Ukungu umekaa mlimani mpaka karibu adhuhuri, na baridi imenifanya nikoke moto mara mbili. Nimechoka, lakini nisipoandika sitapata usingizi.

Tangu niolewe hapa Ileje sijawahi kumwona baba mkwe usoni. Ndiyo mila. Akitokea njiani mimi naingia majanini, nikiwa ndani yeye hakanyagi mlangoni, na hatusemeshani. Mume wangu yuko migodini Rodeshia ya Kaskazini. Leo wengine wote walivuka bonde kwenda kuzika. Mimi nilibaki kwa sababu ya mtoto mchanga, na mzee alibaki kwa sababu ya goti lake.

Alikuwa akichomoa mianzi mikavu atengeneze ghala la ulezi, nikasikia ukelele. Nikachungulia kwenye upenyo wa ukuta wa mianzi. Alikuwa amenipa mgongo. Alikwisha kumponda kwa jiwe nge aliyemuuma mkononi, na sasa alikuwa akijifunga kamba ya gome juu ya kiwiko, huku akiivuta kwa meno. Hapa kwetu kamba hiyo haifunguliwi mpaka jua lizame, eti sumu ilale.

Je, nge anaua? Wanawake wenzangu huniuliza, nami huwajibu kwamba inategemea ni nge gani na kamuuma nani. Mwenye mkia mnene na magando membamba namwogopa sana, maana ndiye aliyemmaliza mtoto wa jirani yetu nilipokuwa msichana. Mwenye magando mapana na mkia mwembamba aliniuma mimi mwenyewe mguuni. Nililia usiku kucha, asubuhi nikaenda kuchota maji. Tandu naye anauma vibaya na kuvimbisha, basi. Lakini mtoto mchanga, au mtu anayeanza kuhema kwa shida, akimbizwe zahanati bila kuulizana maswali.

Wa leo alikuwa na magando mapana. Nilimwona vizuri pale chini, na mzee alikuwa akipumua sawasawa.

Kamba ndiyo iliyonitisha.

Jua lilikuwa bado utosini. Mkono ulikuwa umevimba, vidole vimekuwa zambarau, na ni mkono wa kulia, ule anaosukia nyungo na vihenge. Angekaa hivyo mpaka magharibi, mkono ungeoza.

Nikamwinua binti yangu, nikamsemesha yeye kwa sauti ya kusikika nje.

"Mwambie babu yako, nge huyu haui mtu mzima. Kamba ndiyo itamla mkono."

Akajibu, naye akimwambia mtoto:

"Mjukuu wangu, mwambie mama yako jua bado."

Nilikasirika. Mzee mkaidi kuliko punda! Nikamwambia mtoto amuulize babu yake, akishabaki na mkono mmoja, nani atamsukia yeye ungo siku akiolewa? Mtoto akacheua.

Nilikuwa nikitafuta la kuongeza, ndipo mkono ukapenya kwenye upenyo wa mianzi, umevimba kama muhogo uliolowekwa. Yeye mwenyewe aligeukia bondeni. Nikapenyeza ncha ya kisu chini ya kamba, taratibu, nisiiguse ngozi yake. Ilipokatika na damu kurudi, alitoa matusi ambayo sitayaandika hapa. Nami nikakaa chini nikalia, kwa furaha na kwa woga pamoja.

Jioni hii vidole vinacheza. Anasema maumivu yamepanda mpaka begani, jambo nililolitegemea. Kesho yatapungua.

Mama mkwe amerudi kutoka msibani, akaiona kamba iliyokatwa. Akaniuliza kama nimemgusa mkwe wangu. Kosa hilo halisafishwi bila kuchinja mbuzi mbele ya ukoo, na jina la mwanamke hubaki midomoni mwa watu. Nikainama kuchochea moto.

Sauti ikatoka uani.

"Mjukuu wangu, mwambie bibi yako kilichonigusa ni kisu."

Mama mkwe akanitazama, akaichukua ile kamba akaitia motoni. Mtoto alikuwa amelala fofofo mgongoni kwangu.

Leo ndiyo mara ya kwanza ninatamani kujua uso wa mzee yule ukoje.