Mama Hawa Wawili

Jumanne, Masasi

Amerudi! Tangu asubuhi programu yangu ilikuwa imemmeza mama yangu mzazi.

Naiandikia kikundi chetu cha wakulima wa korosho. Programu inazunguka, kila mzunguko inamtengeneza mkulima mmoja na kumhifadhi kwa jina lake, ili nikimwita aje na taarifa za shamba lake. Lakini nikimwita Mama Hawa, anakuja wa Nanganga. Hawa ni mimi! Mama yangu yuko wapi? Na Jumamosi nawaonyesha wanakikundi wote, yeye akiwa amekaa mbele. Aibu gani hiyo!

Nikailaumu kompyuta weee. Kumbe kosa ni langu. Nimewahifadhi kwa majina tunayoitana huku, na akina Mama Hawa wako wawili. Wa pili alipoingia alikalia kiti cha wa kwanza, naye akafutika kimyakimya.

Sasa kila mmoja nimemhifadhi kwa namba yake ya uanachama. Nikaita ya mama. Akatokea, na mikorosho yake yote ya Lupaso!

Nikakimbilia jikoni. “Shikamoo mama! Umerudi!”

“Marahaba,” akasema, mwiko mkononi. “Kwani nilikwenda wapi?”