Pampu Nimeirudisha Kama Ulivyoamuru

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha mbele,
Jumapili, tarehe 16 Februari.

Mpendwa Kitindamimba wetu,

Nakusalimu kwanza, maana Mama alitulea hivyo: mtu husalimu hata akija kugombana. Hujambo? Shemeji na watoto hawajambo? Kile kifua chako kimezoea baridi ya huko? Mimi ni mzima. Tumbo bado linanitangulia mlangoni, na miwani nimeikalia tena, kwa hiyo ukiona mistari inapanda na kushuka, usidhani nimelewa. Nimekasirika tu.

Nimekasirika sana, mdogo wangu. Ningekwambia kwa simu, lakini umenikatia mara tatu. Barua huwezi kuikata.

Uliandika kwenye kundi la ukoo mzima, mpaka wakwe wakasoma: “Mwambieni Kaka arudishe kila kitu kilivyokuwa. Gari si friji.” Kweli, mimi ni fundi wa mafriji, na mengine niliyatengeneza yakawa makabati. Lakini hukuniuliza hata neno moja. Ulimsikiliza Shangazi, ukanivua nguo mbele ya watu.

Sasa nisikilize na mimi. Gari hilo ulimwachia Mama. Tangu apasuliwe nyonga anakwenda mazoezi ya mguu kila Jumanne na Ijumaa, kule kliniki juu ya kilima. Joto lilipozidi, injini ikaanza kugonga kila tukipanda, kama mtu anayetikisa kopo la misumari. Nilibadilisha plagi, nikasafisha rejeta. Wapi.

Ndipo nikaiona ile pampu ndogo ya umeme, ya kupuliza hewa kwenye ekzosi gari linapoamka asubuhi, ili moshi uungue vizuri. Inafanya kazi dakika moja, kisha inalala siku nzima, kama wewe siku za kufua. Tena vali yake ilishaganda kwa kutu, hewa haipiti kabisa. Ilikuwa inahangaika bure.

Nikaipa kazi. Niliielekeza kwenye dumu la maji lililofungwa vizuri. Hewa ikiingia, maji yanasukumwa kwenye mpira mwembamba, yanatokea kwenye nozeli ya jiko bovu la gesi, yanakuwa ukungu ndani ya hewa ambayo injini inavuta. Ukungu tu, si ndoo! Swichi niliiweka karibu na gia. Naibonyeza kidogo kilimani, naachia, pampu isije ikaungua. Injini ikapoa, ikanyamaza. Wiki sita tulipanda Mama akisinzia kwenye siti.

Kosa langu nalikubali. Siku moja nilibadilisha dumu, nikachukua lililokuwa na sabuni ya maji. Nililisuuza mara mbili, nikajiona bingwa. Hewa ikakoroga sabuni iliyobaki, kifuniko kikafyatuka, na pale geti la kliniki povu likamwagika kutoka kwenye boneti mpaka kwenye viatu vya Shangazi, aliyekuja kumpokea Mama. “Unafulia nguo kwenye injini?” akauliza, na simu ilikuwa tayari sikioni. Cheka. Hata mlinzi alicheka. Lakini injini haikuguswa na tone la hiyo sabuni, maana niliizima palepale. Hilo Shangazi hakukwambia, na wewe hukuuliza.

Basi nimetii. Pampu iko mahali pake, inaipulizia vali mfu. Gari ni lako, nalo liko kama ulivyoliacha.

Juzi Ijumaa lilifika kwenye kona ya duka la rangi likaanza kugonga, nguvu zikaisha. Nikasimama. Kabla sijazunguka, Mama alishafungua mlango. “Liache lipumzike, mwanangu. Lina mwenyewe.” Akapanda kwa miguu na mkongojo wake. Mara mbili alikaa kwenye matairi ya pale kwa fundi pancha, akisingizia anatazama watu. Mimi niko nyuma yake, gia ya kwanza, na gari tupu. Lenyewe bila yeye liliweza.

Nimekuwa mtu mzima, nina mvi mpaka masikioni, na nililia nimeshika usukani wako.

Sitaki uniombe radhi kwenye kundi. Nataka neno moja: funga, nami pampu nitaifunga tena kwenye dumu. Likifika kabla ya Jumanne, Jumanne nimemaliza. Dumu nimenunua jipya.

Shangazi anakusalimu, viatu vimekauka. Mpe Shemeji salamu zangu, na mabinti zako uwabusu kwenye paji la uso. Mungu akulinde huko uliko, na akulainishe kichwa hicho.

Mama anakusalimu sana. Amekuwekea picha yako ya shule ukutani, kwenye fremu mpya. Amenikataza kabisa nisikuandikie habari ya kilima, kwa hiyo ukimpigia, jifanye hujui.

Nikupendaye hata leo,
Kaka yako, Fundi Friji.