Injini Iliyoning'inia Juu ya Elija

Changamwe, Jumatatu

Kwa dada yangu Rebeka,

Amani ya Bwana iwe nyumbani mwako. Je, kifua kimepoa? Baridi ya huko milimani naikumbuka kila ninapofuta jasho la huku; miaka yote hii ya pwani haijanisahaulisha. Mimi mzima. Mwanao Elija naye mzima. Hilo lishike kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Unajua alinunua gari kuukuu lililoachwa na wanajeshi vita vilipokwisha. Injini ilikuwa ikigonga, naye, karani wa bandarini, akasema ataitoa mwenyewe hapa uani. Hakutaka kuita fundi. "Mjomba, nimewaona wakifanya," aliniambia.

Jumamosi alisimamisha boriti tatu, akazifunga vichwa, akatundika kapi. Kamba ililetwa na jirani yetu Bakari, mchukuzi wa bandarini, pamoja na wenzake watatu. Walivuta kwa kuitikiana, kama wavutavyo mizigo melini. Nami niliposhika ncha, Bakari alicheka: "Mzee, hiyo si Biblia. Ikamate kwa nguvu!"

Injini ikapanda kidogo, kisha ikanasa. Elija akalala chali, akajiingiza chini ya gari kwenda kuinasua.

Ndipo jeneza likatokea njiani, watu wakilisindikiza kwa tahlili. Waislamu wa huku wakiona jeneza linapita, huacha walilo nalo wakalitia bega, hata kama maiti hawakumjua. Wawili kati ya wenzake Bakari hawakufikiri, Rebeka. Waliachia kamba wakaenda, kama mtu anavyonyoosha mkono akipewa salamu. Kamba ikakimbia, injini ikashuka. Bakari aliketi chini papo hapo, akajizungushia kamba kiunoni. Mwenzake aliyebaki akamkumbatia kwa nyuma. Nami nikaiangukia ile ncha, ikanichuna viganja.

"Elija!" niliita. Niliita tena na tena, nikilia.

"Jamani, kuna mtu chini!" Bakari alipiga kelele.

Wanaume ambao sijapata kuwaona waliacha mazishi wakaja mbio wakashika kamba. Mmoja, mwenye ndevu nyeupe, akamwambia Bakari, "Nenda ukambebe marehemu, sisi tumshike huyu aliye hai."

"Siendi popote! Vuteni kwanza!"

Ikapanda. Kutoka chini mwanao akasema, "Mjomba, usilie. Ni shati tu lililobanwa." Alitoka limepasuka ubavuni, kidole kimoja hakina ukucha, naye anacheka.

Sasa injini iko juu ya magunia karibu na mlango wangu. Lakini iliyotoka lazima irudi, kwa kamba ile ile, na Elija chini yake. Amesema Jumamosi. Nimemkataza; ananijibu kwa adabu, "Naam, mjomba," kisha anaendelea kusugua vyuma. Mwandikie upesi amwachie fundi. Mama hapingwi.

Nisalimie shemeji, na shangazi yetu asiyeona, na binti yako mkubwa anayenyonyesha. Shangazi usimsomee haya.

Na barua yako ikichelewa, nimekwisha kuamua. Akianza kuvuta kamba atanikuta mimi nimelala chini ya gari. Hatathubutu kumshushia mjomba wake injini.

Ni mimi kaka yako mwenye hofu,
Yonathani