Vidole Vyako Mbele ya Mashine

Mama yangu wa Tiira,

Jumanne alikuja dirishani kwangu mwanamke mwenye vidole kama vyako. Ndiyo, dirishani kwangu. Hukuishi kuyaona haya, lakini siku hizi mwanao ndiye karani wa vitambulisho. Cheka kwanza, halafu nisikilize.

Unakumbuka tulivyopanga foleni baada ya kumzika baba? Ulitaka kitambulisho ili shamba la Dabani liandikwe jina lako kabla baba mdogo hajaling'ang'ania. Miaka yote ya kusaga mawe ya dhahabu huko machimboni Tiira ilikuwa imekula ngozi ya vidole vyako, vikawa laini kama kikombe. Mashine ikavikataa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Karani hakukutazama usoni. "Rudi vidole vikipona." Nje ukaniambia, "Hii mashine nataka mikono ya watu ya ofisi." Tukacheka, maana kulia barabarani ni aibu.

Mwezi mzima hukugusa jiwe. Ulivipaka vidole samli asubuhi na jioni, ukakaa mikono magotini kama mgeni nyumbani kwako, tukala muhogo mtupu. Tuliporudi, mashine ikavikataa tena.

Siku hiyo mlibishana na mjomba mpaka ugali ukapoa. Yeye aliwalaumu wabunge: "Hawa naandika sheria na hawajawahi shika jembe." Wewe ulimlaumu karani. "Sheria haina macho," ulisema, "yeye iko nayo." Mimi nilikuwa upande wa mjomba. Nilibaki upande wake hata nilipoajiriwa, maana upande huo ulinifaa. Kila aliyekataliwa na mashine nilimwambia sheria ndiyo hiyo, mimi nifanyeje.

Mjomba hakukosea. Sheria yenyewe nimeisoma. Inadai alama za vidole, na walioipitisha hawakumfikiria msaga mawe. Lakini chini ya fomu kuna nafasi ya afisa kueleza kwa nini mashine imeshindwa, kisha atie saini. Sote pale ofisini tunaijua. Tunaiacha tupu, kwa sababu anayesaini ndiye atakayeulizwa.

Yule mama wa Jumanne alikuwa amevifunga vidole kwa kitambaa. Alipokifungua nikasikia harufu ya samli. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumwambia arudi, nikashindwa. Niliandika kwamba vidole vimelika kwa kazi, nikatia saini. Mkuu wangu akasoma. "Likiharibika ni lako," akasema. Nikamwambia sawa.

Mistari miwili, mama. Kwa mistari miwili kama hiyo baba mdogo asingekuwa analima Dabani leo, nawe usingefia kwenye chumba cha kupanga. Bado nina hasira na yule karani, na miaka mitatu hii nimekuwa yeye. Wabunge nao sitawaacha, nitawaandikia. Ila wale niliowarudisha, niliwarudisha mimi.

Majina yao yamo kwenye daftari la dirishani, na nimeanza kuwapigia simu. Wawili hawakupokea. Ya wa tatu ilipokelewa na binti yake. Alisema mama yake walishamzika, na kwamba kitambulisho alikisubiri sana. Halafu akanishukuru kwa kupiga.

 Kesho nampigia wa nne, mama.

Kitinda mimba wako,
yule uliyekuwa ukipanga naye foleni