Duara Mkononi mwa Dada

Jumamosi, 3 Mei

Dada kachomwa tena. Sindano ya aleji. Kila Jumamosi wanamtia chavua kidogo ya yale magugu yanayomtesa, na dozi inapanda polepole mpaka mwili uizoee. Ni kama kumzoesha mbwa mkali mgeni wa nyumbani — Dada kasema hivyo, si mimi!

Nesi huuliza kwanza: umekula nini leo? Akishachoma, anachora duara la kalamu kuzunguka alama ya sindano, kisha tunakaa kwenye benchi nusu saa. Wekundu ukibaki ndani ya duara, ruhusa. Leo ulibaki.

Nyumbani Mama akampa chai yake ya maua makavu, ya kumtuliza. Midomo ikamvimba kidogo. Sindano hiyo, akasema Mama.

Jumanne, 6 Mei

Midomo tena. Lakini leo hakuna sindano! Dada anajikuna kaakaa kwa ulimi, anatoa sauti kama chura. Tulicheka mpaka machozi. Nikamuuliza kala nini.

Hakuna, akasema. Chai tu.

Jumatano, 7 Mei

Chai tu. Maneno hayo yamenikaa kichwani tangu jana.

Maktaba, kipindi cha mapumziko. Magugu yale na maua ya Mama ni ukoo mmoja, ukoo wa alizeti. Chavua zao zinafanana kama ndugu wa tumbo moja. Mwili wenye aleji hauulizi jina, unatazama sura, unapiga.

Nikasimama karibu na meza ya mwalimu wa biolojia mpaka akauliza kama nimepoteza kitu. Nikamweleza bila kutaja mtu. Akafurahi! Undugu huo una faida yake, akasema: dawa ya mmea mmoja huweza kumkinga mtu na nduguze pia. Ila unayempandishia dozi, usimwongezee ndugu wa chavua hiyo kwa mlango wa nyuma. Koo linaweza kuziba.

Akauliza, kwani kuna mgonjwa?

Najisomea tu, nikasema. Mwoga mkubwa mimi.

Alhamisi, 8 Mei

Nimemwambia Mama. Kacheka. "Profesa wangu! Maua haya nilikunywesha ukiwa mchanga, mbona hujafa?" Akaendelea kuchambua mchele.

Nimemwambia Dada. Yeye hakucheka. Alifunga mlango kwanza.

"Chai naacha leo," akasema. "Lakini habari za midomo zisifike kwa nesi. Atanirudisha dozi ya mwanzo, na chuo cha misitu hakinisubiri. Mtu wa kupiga chafya atasomea miti gani? Niapie, mdogo wangu."

Nikaapa. Kaacha chai kweli, leo kamrudishia Mama kikombe kikiwa kimejaa. Mama akaimimina tena birikani bila ugomvi. Si kawaida yake.

Jumamosi, 10 Mei

Niko kwenye benchi. Naandika huku tukisubiri.

Dozi ya leo ndiyo kubwa kuliko zote. Nesi kauliza, umekula nini? Uji tu, akasema Dada. Kachomwa. Duara likachorwa. Nesi karudi chumbani kwake, mlango kauacha wazi nusu.

Mama kaja nasi leo. Kaninong'oneza, mwenyewe kajaa furaha: "Unamwona alivyotulia? Uji wake nimeukorogea maji ya maua. Sukari nyingi, hajahisi hata ladha! Mnanikatalia chai kwa vitabu vyenu, ninyi."



Nimemgeukia Dada. Uji una maua, nimemwambia. Katazama mkono wake, kisha mlango wa nesi. Shiii, akafanya. Nusu saa tu. Uliniapia.

Mama anauliza tunanong'ona nini.

Wekundu umegusa mstari. Labda ni mwanga wa dirisha.

Si mwanga.

Dada anavuta mkono wa blauzi kufunika duara. Anatabasamu, lakini mdomo wa chini umenenepa upande mmoja. Sasa anakohoa. Kikohozi kikavu, kifupi. Mama anasema ni vumbi, anamtafutia leso.

Ile sauti. Ya chura. Hakuna anayecheka.

Nimemwita nesi. Nilidhani nimeita — sauti haikutoka. Nimeita tena. Kiti kimekwaruza sakafu huko ndani, nesi katokeza kichwa: nani kaniita?

Dada ananitazama. Anatikisa kichwa, hapana, hapana. Shingo yake ina madoa.

Nimenyoosha mkono, kama darasani. Wa kushoto. Wa kulia bado unaandika, haujui kuacha.

Nesi ananiona. "Ndiyo, binti," anasema. "Wewe wa daftari. Sema."