Nani Ataweka Mpira Chini

Jumamosi, Agosti 1957

Upepo umelala tangu adhuhuri, na vumbi limebaki likining'inia hewani kama jambo lisiloamuliwa. Nimekaa kizingitini mwa chumba cha kaka yangu, kalamu mkononi, nami simo kabisa katika mwili huu. Leo nzima nimetembea kama mtu anayeota, huku akijua kwamba anaota, na hataki kuamshwa.

Mwenyekiti wa Chama cha Walimu wa Gofu. Kila nikiliandika jina hilo huona ni cheo cha mtu mwingine. Nilikwenda Kampala kusomea historia na siasa, si fimbo na mashimo. Nimerudi kwa likizo ndefu tu, kwa kaka yangu Masanja, anayewafundisha mainjinia wa Kizungu na wake zao mchezo huo katika mgodi huu mdogo wa almasi, mwendo wa asubuhi moja kutoka Kishapu. Yeye na wenzake saba walinichagua kwa sababu walimtaka mtu awezaye kuandika katiba, na kuketi mbele ya Katibu wa klabu yao bila Kiingereza kumkwama kooni.

Kuupiga mpira wenyewe sijui.

Tuliomba jambo moja. Katika ardhi hii ya almasi Mwafrika haruhusiwi kuinama na kuokota chochote, kiwe jiwe, kiwe kifungo cha shati lake mwenyewe. Kanuni hiyo ilivuka uzio wa machimbo, ikaingia hata kiwanjani. Mwalimu husimama mikono ikiwa nyuma. Mwanafunzi ndiye anayeinama, akachomeka kijiti na kuweka mpira juu yake. Masanja amefundisha hivyo miaka yote, kwa sauti na kwa bega lake. Akijisahau akainama, ni askari, ni kupekuliwa, ni mahakama. Tuliomba mwalimu aruhusiwe kuweka mpira chini.

Jana Katibu alinijibu akitabasamu. Kanuni ni kanuni, alisema, lakini klabu ina ukarimu: kuanzia wiki ijayo, kila Jumatatu, siku ambayo wanachama wake hawachezi, kiwanja ni chetu. Tucheze wenyewe. Na ili kanuni isivunjwe, askari mmoja wa mgodi, mwenye kibali cha kuinama, atatufuata shimo hadi shimo.

Askari atatuwekea mipira.

Sikulala vizuri kwa hasira, na hasira yangu, nakiri, ilikuwa tamu. Wiki ijayo wageni wanakuja kutoka Mwanza kushindana. Niliona mgomo: kiwanja kikubwa kitupu, wageni wamesimama na mifuko yao ya fimbo, wasijue pa kuanzia. Leo asubuhi, katika banda la mifuko, nilisimama mbele ya walimu wangu wanane nikahutubu. Nilisema heshima ya mtu haikatwi vipande kama nyama ya mnadani, ukapewa mfupa ukaambiwa ushukuru. Walinisikiliza kwa adabu.

Kisha Saidi, Mzaramo aliyefuata kazi hadi huku, akanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, huyo askari ataniinamia mimi? Mimi Saidi?"

Nikamwambia ndiyo, na hilo ndilo tusi lenyewe.

"Basi mimi nitacheza mpaka mgongo wake uombe likizo."

Banda zima likaangua kicheko. Masanja akamwambia anyamaze, kwamba hata kwao pwani hakuna aliyewahi kumwinamia ila mnazi wenye upepo. Saidi akajibu kuwa afadhali mnazi. Msukuma huinamiwa na ng'ombe, tena ng'ombe akiwa anakunywa maji.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nikimtazama kaka yangu, kwa kuwa kicheko kilimtoka usoni mapema kuliko wengine.

"Mdogo wangu," alisema, "nimewafundisha watu wengi kucheza. Mimi mwenyewe sijawahi kumaliza kiwanja hiki kwa mpira wangu. Unataka niikatae Jumatatu?"

 Nikawaona, hapo hapo nikiwa nimesimama: walimu wanane katika asubuhi nyeupe, fimbo zikipanda pamoja, mipira ikipita juu ya migunga na kukawia angani kana kwamba imesahau kushuka. Ilikuwa ndoto nzuri kupita mgomo wangu. Lakini nyuma ya kila mmoja wao palikuwa na mtu aliyeinama, na nilivyojitahidi kumfuta sikuweza.

"Tena tukigoma," Masanja akaendelea, "sisi tutafukuzwa, wewe utapanda meli Mwanza urudi chuoni. Tulikuchagua uwe nsumba ntale wetu. Nsumba ntale hasimami kando ya shamba."

Vijana wa kwetu wanaolima pamoja huwa na kiongozi wa jina hilo. Haamrishi. Huingia shambani kwanza, akashika mstari wa ardhi ngumu.

Ndipo nikasema jambo ambalo sikuwa nimeliandaa. Tuipokee Jumatatu, tumkatae askari. Nitacheza wa kwanza, na nitaweka mpira wangu mwenyewe, mbele ya macho yake. Akinikamata, na wao wainame, wote wanane, kila mtu na mpira wake.

 Saidi ndiye aliyejibu kwanza. "Kwa upigaji wako, Mwenyekiti, mpira utakwenda hatua mbili. Utainama kutwa."

Mikono yote ikainuka, wa Masanja ukiwa wa mwisho.

Sasa jua limeshuka hadi usawa wa uzio. Najua ninachokiweka mezani. Mtu aliyehukumiwa kwa kuokota katika ardhi ya almasi harudi chuoni. Nafasi yake atapewa mwingine, na mama yangu, anayewaambia majirani siku nitakayovaa joho, atapaswa kuwaambia kitu kingine. Naogopa. Naogopa kwa utulivu wa ajabu, kama mtu anayeelea.

Kesho, baada ya ibada, Masanja atanionyesha namna ya kushika fimbo.

Na Jumatatu nitainama, nitachomeka kijiti ardhini, nitaweka mpira, kisha nitainuka taratibu. Je, wataniacha niupige?